Slivu Nne na Mashine ya Kukerezea

Pasaka ya mwaka 1966, dereva kutoka Dar es Salaam alishinda mashindano ya magari yaliyoogopwa kuliko yote Afrika Mashariki. Dereva huyo alikuwa Bert Shankland, msaidizi wake Chris Rothwell, na gari lao Peugeot 404, sedani ya milango minne ambayo daktari au mfanyabiashara wa pamba angeweza kuinunua na kuiendesha kwenda kazini. Mwaka uliofuata, wiki saba hivi baada ya kutangazwa Azimio la Arusha, wawili hao walirudi na gari la aina ileile wakashinda tena.

Safari Rally ya miaka hiyo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, katikati ya masika, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo watu wengine walikuwa wakiendelea kuzitumia na mifugo yao. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba vilevile. Washindi wa miaka yote miwili walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, na mara zote mbili walikuwa ndani ya 404. Ukihesabu na ushindi wa Shankland, sedani hiyo ya Kifaransa ilitwaa kombe mara nne ndani ya miaka sita.

Vitabu vya mashindano vimeyahifadhi majina ya madereva. Lakini sifa ya gari hili katika nchi zetu ilijengwa na watu wengine kabisa, waliolala chini yake wakiwa na spana na tochi, na sehemu nzito ya kazi yao ilifanyika baada ya mashindano kuhama, duka la spea kufungwa na mpaka kuwekewa kizuizi. Hapo ndipo Kanda ya Ziwa inapoingia katika historia hii, hasa barabara kuu itokayo Mwanza, ikapita Bunda, ikaacha njia ya kuingia Musoma pale Makutano, kisha ikaendelea hadi Sirari kwenye mpaka wa Kenya. Bweri, yenye stendi kuu ya mabasi ya Musoma, imekaa kwenye mkono wa barabara hiyo unaoingia mjini. Leo anayeshuka hapo anakutana na Toyota kila upande: Probox, Noah, Hiace, na teksi ziitwazo michomoko, zinazojaza abiria kuliko viti vyake. Kijana anayejifunza ufundi hapo anaweza kumaliza miaka mingi bila kugusa injini ya Peugeot hata mara moja. Baba zake kazini walikuwa na hali tofauti.

Ili kuelewa kwa nini gari hili lilipendwa na mafundi, inabidi kulifungua.

Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960. Mwili wake ulichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ya cc 1618 ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe ya chini. Hilo lilikuwa la urembo. La maana zaidi lilikuwa ndani ya bloku: slivu nne zinazozungukwa na maji moja kwa moja, kila moja ikiingia na kutoka peke yake. Kwenye injini za aina nyingine, silinda ikilika ni lazima bloku nzima ipelekwe kwenye mashine ya kuchonga silinda, kisha zitafutwe pistoni zenye kipenyo kikubwa zaidi. Mashine hiyo ilikuwa mali ya miji mikubwa. Kwenye 404 fundi alishusha hedi, akafungua sampo, akasukuma slivu nne nje, akaingiza nne mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na injini ikarudi kuwa mpya bila bloku kuondoka kwenye gari. Kazi hiyo iliwezekana chini ya mwembe.

Iliwezekana, lakini haikumsamehe mzembe. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba, na juu slivu inatakiwa ijitokeze kidogo kupita uso wa bloku, kwa kiasi kinachopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Zote nne ziwe sawa. Moja ikikaa chini kuliko wenzake, hedi haiibani vizuri, maji yanashuka kwenye sampo, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hedi yenyewe ni ya alumini. Injini ikichemka inapinda, nayo lazima ipitishwe mashine kabla ya kurudishwa. Fundi aliyeruka hatua moja alilijua kosa lake kabla gari halijafika mbali.

Upande wa nyuma palikuwa na ajabu nyingine. Propela shafti ilizungushiwa bomba la chuma kutoka giaboksi hadi difu, kwa hiyo tope na vumbi havikuigusa. Na ndani ya difu, badala ya gia za kawaida, palikuwa na skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Mpangilio huo ulikuwa kimya na imara, ila ulidai oili yake maalumu, yenye asili ya mafuta ya nyonyo, yanayotoka kwenye mbarika. Mmea huo huota wenyewe kando ya mashamba ya Mkoa wa Mara, ulipo mji wa Musoma, lakini oili ilipaswa kutoka kiwandani, ikiwa imesafishwa na kuchanganywa kwa kipimo. Fundi mgeni aliyemimina oili ya kawaida ya giaboksi juu ya ile ya zamani aliharibu alichotaka kukitunza, kwa sababu oili hizo mbili hazipatani, na shaba haina uvumilivu wa chuma.

Tena kulikuwa na handeli. Betri ikifa, dereva alichomeka handeli mbele ya gari na kuiwasha injini kwa mkono. Katika miji ambako betri mpya ilisubiriwa kwa miezi, handeli ilikuwa na thamani ya betri.

Baadhi ya magari ya mashindano yalikuwa na kitu ambacho ya kawaida hayakuwa nacho: pampu ya Kijerumani ya Kugelfischer iliyosukuma petroli kwa sindano, badala ya kabureta. Iliongeza nguvu na kulifanya gari liitike haraka, na kwa sababu yake 404 inastahili kuhesabiwa miongoni mwa sedani za michezo za zama zake. Lakini pampu hiyo ilihitaji benchi la kupimia na mtu aliyefundishwa. Wananchi walibaki na kabureta moja ya Solex au Zenith, na katika mazingira yetu kabureta ilikuwa chaguo lililo bora zaidi. Kabureta unaifungua, unaisafisha, unapuliza jeti, unaifunga, unaondoka.

Utamaduni wa gereji uliolipokea gari hili ulikuwa umeanza zamani. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, gereji za kwanza zilizopata jina zilikuwa za Masingasinga, na vijana wa Kiafrika waliingia humo kama wasaidizi wakatoka wakiwa mafundi. Mtu aliyeonyesha ufundi huo ungeweza kufika wapi alikuwa Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia mwaka uliotangulia na kuliacha. Lilikuwa gari lililochoka. Ndugu hao walilifumua na kulijenga upya Kenya, kisha wakawaacha nyuma wapinzani kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akaitwa Simba wa Kenya. Miongoni mwa madereva wote wa enzi ile, yeye ndiye aliyeonyesha wazi kuliko wengine kwamba gari lililofungwa na fundi anayelijua linaweza kulipita gari jipya lisilojulikana.

Septemba 1968 Peugeot ilileta 504, na mwaka 1969 ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Injini ilianza na cc 1796, ikapanda hadi cc 1971, lakini slivu zilibaki vilevile za kutoka na kuingia, na mkono uliozoea 404 haukupotea. Skrubu na shaba ya difu viliachwa, zikaja gia za kawaida. Sedani ikapewa miguu ya nyuma inayojitegemea. Kaka yake, gari refu la familia, likawa na safu tatu za viti, na nyuma springi nne za koili, mbili kila upande, kwa ajili ya mzigo. Ove Andersson alishinda Safari ya 1975 kwa 504 sedani. Jean-Pierre Nicolas akashinda ya 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6.

Gari refu ndilo lililobadilisha maisha ya watu. Nchini Kenya teksi za Peugeot ziliunganisha Nairobi na Nakuru, Kisumu na miji mingine, zikijaa abiria na kuondoka, na mwendo wao ulikuwa wa kutisha. 504 zikaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kazi iliyoendelea hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya sedani kukoma Ufaransa mwaka 1983. Kwa mtu wa Musoma hilo lilikuwa jambo la jirani. Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Na kabla ya mwaka 1977, meli za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizunguka Ziwa Victoria kutoka Kisumu hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, kwa hiyo boksi la spea lililotoka Nairobi kwa reli lingeweza kushuka bandarini Musoma bila kuguswa na vumbi la barabarani.

Kisha mlango ukafungwa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba kizuizi cha Sirari kilisimama kati ya mafundi wa Mara na ghala lao la asili.

Hali ya ndani nayo ilikuwa ngumu. Uagizaji wa magari ulikuwa umekabidhiwa State Motor Corporation, na bidhaa nyingine zilipita kwenye Kampuni za Biashara za Mikoa, zilizojulikana kama RTC. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilimeza fedha za kigeni, na magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na mizigo. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwenye 404 mwaka 1980 hakuwa na mahali pa kununua nyingine. Alikuwa na hiyohiyo, na fundi wake.

Miaka hiyo inapaswa kuandikwa kwa heshima zaidi kuliko inavyoandikwa. Kwa kawaida tunaisimulia kama miaka ya foleni za sabuni na sukari, na hayo ni kweli. Lakini ilikuwa pia miaka ambayo ufundi wa kutengeneza uligeuka kuwa ufundi wa kuunda. Raba za kushikilia injini zikikatika, zilichongwa nyingine kutoka tairi kuukuu la lori. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka karatasi nene, na matundu ya bolti yakapatikana kwa kugonga karatasi taratibu kwa nyundo juu ya bloku yenyewe hadi kingo zikate. Feni la 404 lilikuwa na klachi ya sumaku inayolizungusha pale tu injini inapopata joto; klachi ikiharibika, feni lilifungwa moja kwa moja lizunguke muda wote, gari likala petroli zaidi kidogo lakini lisichemke. Magari mawili mabovu yalitoa moja zima.

Kipande ambacho hakikuweza kuchongwa kwa kisu wala kukatwa kwa mkasi kilipelekwa kwa fundi wa kukereza. Mashine ya kukerezea ilikuwa moyo wa uchumi wa spea. Mtu akiwa na kipande cha shaba, kalipa na mfano wa bushi iliyolika, alipata bushi mpya siku hiyohiyo. Shida ilikuwa kusoma mfano: bushi iliyolika haikuonyeshi ukubwa wake wa awali, ila inakuonyesha ilipofikia. Mkerezaji mzuri alipima shafti na tundu, akafikiri nafasi ya oili iwe kiasi gani, ndipo akaanza kukata. Hiyo ni hesabu ya mhandisi, ikifanywa na mtu ambaye mara nyingi hakuwa na cheti cha uhandisi.

Serikali ilichangia kwa njia yake. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lilianzishwa mwaka 1973 na kufungua ofisi mikoani, Mara ikiwemo, na moja ya shughuli zake ilikuwa kusaidia karakana ndogo zitengeneze vitu vilivyokuwa vikiagizwa nje. Musoma ilikuwa na shule ya sekondari ya ufundi, ambako wanafunzi walifundishwa kuchora kipande kabla ya kukikata. Mafundi waliojifunzia gereji walifanya mitihani ya madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na daraja la kwanza lilikuwa heshima mtaani. Njia hizo mbili, ya darasani na ya chini ya gari, zilikutana kwenye bloku ya Peugeot, kwa sababu ilikuwa injini ambayo mwanafunzi angeweza kuifumua yote akaona kila kitu kinafanya nini.

Mpaka nao haukufungwa kabisa. Palipo na koo zilezile pande zote mbili na njia za ng'ombe zisizohesabika, bidhaa hupita. Magendo yalivusha ringi, plagi na pointi pamoja na sabuni. Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, na kumiliki kitu usichoweza kueleza ulikipataje kukawa hatari. Tangu hapo boksi la pistoni jipya halikuwekwa mbele ya macho ya watu.

Mabadiliko yalikuja haraka. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipataje. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu na ruksa yake, na Mwalimu Nyerere, akiwa amemaliza kazi ya urais, akarudi kuishi kwao Butiama. Miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yalianza kushuka bandarini Dar es Salaam kwa wingi. Yalikuwa na usukani kulia kama sheria yetu inavyotaka, yalikula petroli kidogo, na spea zake, mpya na kuukuu, zilijaa kila mji. Peugeot haikushindwa kwa ubovu. Ilizidiwa kwa hesabu: seti ya slivu na pistoni ikianza kugharimu karibu sawa na injini nzima ya Toyota iliyotumika, mwenye gari anachagua injini nzima. Wengine waliingiza injini za Kijapani ndani ya 504, mwili wa Peugeot ukasukumwa na moyo wa Toyota. Nyingine zilikatwa zikauzwa kwa kilo.

Kilichopotea hapo kilikuwa kikubwa kuliko magari. Injini iliyotumika inabadilishwa kwa siku moja na haimfundishi kijana kupima slivu. Mkerezaji anapata kazi chache za bushi na nyingi za kunyoosha ngoma za breki. Fundi wa leo Bweri ana ujuzi ambao mzee wake hakuwa nao. Anaunganisha kompyuta ndogo kwenye gari na kusoma kosa, anajua sensa na nyaya. Lakini ujuzi wa kuurudisha uhai wa kipande kilicholika ulikuwa mali ya mkoa, ulilipiwa kwa miaka ya dhiki, na uliachwa upungue bila mtu kuuandika. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yametunza magari ya zamani yaliyotumiwa na viongozi, na yamefanya vema. Vifaa vya waliotengeneza magari ya watu, kama vile kalipa, vifyatuo vya slivu vilivyobuniwa gereji na daftari za vipimo, vinastahili chumba karibu na magari hayo.

Upande wa pili wa mpaka, magari ya zamani yamepata thamani mpya. Tangu mwaka 2003 East African Safari Classic imekuwa ikiyarudisha magari ya enzi ile kwenye barabara za Kenya, na katika miaka kadhaa Tanzania pia, yakisindikizwa na timu za mafundi na makontena ya spea. Björn Waldegård, bingwa wa Safari ya zamani, alishinda ya 2007 na ya 2011. Bei ya sedani safi ya miaka ya sitini imepanda Ulaya, na L'Aventure Peugeot, taasisi ya urithi ya kampuni hiyo iliyoundwa mwaka 1982, inasaidia wenye magari ya zamani kupata vipuri.

Kwa hiyo mtu wa Mara aliye na 404 nyuma ya nyumba, imekaa juu ya mawe tangu mzee afariki, asiiuze kwa wa vyuma chakavu kabla ya kuikagua. Achunguze kwanza sakafu na vizingiti vya milango, kwa kuwa kutu ndiyo inayoliua gari hilo, na injini hufuata baadaye. Azungushe injini kwa handeli, polepole, plagi zikiwa zimetolewa na oili kidogo imemiminwa kwenye kila silinda; ikizunguka, slivu hazijashikana na pistoni. Afungue difu na kutazama rangi ya oili: punje za shaba zikionekana, gurudumu la meno linalika na ni hilo la kutafuta kwanza, maana ndilo gumu kupatikana kuliko yote. Bomba za breki zibadilishwe zote hata kama zinaonekana nzima. Kabureta itafunguka. Na kabla ya kuagiza chochote Ufaransa, aulize gerejini ni nani bado ana mashine ya kukerezea inayofanya kazi, kisha ampelekee bushi zake huyo akiwa bado yupo kazini.